Kuanzisha bustani ya mboga na matunda nyumbani wakati masika hayaaminiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Februari, maswali ninayoulizwa ni yale yale. Mvua imenyesha jana, nipande? Nimepanda na mvua imekata, nifanyeje? Miche imeoza, nimekosea wapi? Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kadiri nilivyojifunza kwenye bustani yangu ya uani, Dar es Salaam, na kwenye za majirani. Majibu yanawafaa zaidi watu wa Dar, Pwani, Tanga, Zanzibar na Mombasa, sisi tunaopata masika na vuli. Walioko Dodoma, Lindi, Mtwara au Mbeya wana msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Hao wabadilishe miezi tu, kazi ni ile ile.

Mvua ya kwanza imenyesha. Nipande?

Usipande bado, labda kama una maji ya uhakika ya kumwagilia kila siku.

Chukua jembe, fukua hadi kina cha kiganja kizima na vidole vyake, kama sentimita 15 hadi 20. Kamata udongo wa chini kabisa uufinyange. Ukishikana, ardhi imelowa. Ukimwagika kama unga, mvua imelowesha ngozi tu. Mbegu haijui tofauti hiyo. Ikikuta unyevu wa juu inavimba, inaota, halafu jua la siku tano linaikausha. Na mbegu ikishaota haina njia ya kurudi nyuma, pakiti imekwenda.

Mimi nasubiri mvua mbili au tatu za maana ndani ya siku kumi. Hata hapo sipandi mbegu zote. Napanda theluthi, wiki mbili baadaye theluthi nyingine, na ya mwisho nabaki nayo ndani ya kopo lililofungwa vizuri. Mvua ikikata, au ikija ya kusomba matuta, nimepoteza theluthi moja. Kama kuna jambo moja tu utakalolichukua kwenye maelezo haya yote, chukua hilo.

Mbona masika siku hizi hayatabiriki? Wazee walijua tarehe.

Masika ya kwetu ni Machi hadi Mei, na kilele chake mara nyingi ni Aprili. Mombasa huchelewa kidogo, Mei ndiyo yenye maji mengi. Lakini ndani ya miezi hiyo mitatu lolote linaweza kutokea: mvua ikaanza mapema halafu ikasimama wiki mbili, au ikachelewa kisha ikamwagika yote kwa mkupuo. El Niño, ambayo watu huisingizia kila mvua, ina nguvu zaidi kwenye vuli. Masika hayafungamani nayo sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya watabiri kuyaona magumu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa msimu kabla masika hayajashika, pamoja na utabiri wa kila siku na wa siku kumi. Tumia vyote, lakini elewa kila kimoja kinasema nini. "Mvua za wastani hadi juu ya wastani" ni habari ya msimu mzima, haikwambii Jumanne utapata nini. Kwa kupanga matunda na mifereji, angalia wa msimu. Kwa kuhamisha miche, angalia wa siku kumi. Kwa kuingiza trei ndani usiku wa leo, angalia wa leo. Na taarifa ya kimbunga usiidharau: Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia wakati wengi tulishaamini msimu unaisha.

Uani kwangu ni padogo. Nianze na eneo gani?

Meta 1 kwa 3 inatosha mwaka wa kwanza. Tuta moja linalopaliliwa linalisha nyumba kuliko matano yaliyomezwa na magugu.

Kabla ya kuchagua mahali, subiri mvua kubwa moja, vaa kandambili, toka uangalie maji yanakopita na yanakotuama. Hiyo ndiyo ramani yako. Panapotuama usipande kitu cha mizizi laini, na panapopita weka mfereji. Angalia pia jua: mboga nyingi zinataka saa sita za jua kwa siku, na ukuta wa jirani unaweza kukunyima nusu yake.

Tuta la masika liinuliwe sentimita 20 hadi 30, upana usizidi meta 1 ili ufikie katikati bila kulikanyaga. Kingo zake zishikwe kwa matofali yaliyovunjika, magogo ya mnazi, au chupa zilizojazwa mchanga. Kiangazi tunafanya kinyume, tunashusha tuta ili maji yabaki. Wengi wanasahau kubadilisha, ndiyo maana bamia zao zinasimama kwenye dimbwi mwezi wa nne.

Sina ardhi kabisa, ni saruji tupu. Inawezekana?

Inawezekana, na kwa hali ya hewa hii kiroba kina faida ambayo tuta halina: hakifuriki.

Chukua kiroba cha kilo 50. Tafuta kopo kubwa lililokatwa mdomo na kitako, lisimamishe katikati, lijaze kokoto. Kulizunguka, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza hadi usawa wa kopo. Vuta kopo juu, kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo. Jaza kokoto tena, zungushia udongo tena, hadi kiroba kijae. Nguzo hiyo inapeleka maji mpaka chini badala ya yote kuishia juu. Kisha toboa matundu ubavuni kwa kupishana, upandikize sukuma wiki, spinachi au chainizi. Juu weka nyanya mbili au pilipili hoho. Kiweke juu ya matofali ili maji ya ziada yatoke.

Ndoo zilizopasuka, mabeseni na madumu yaliyokatwa yanafaa pia, mradi yana matundu chini.

Miche inaota vizuri halafu inaanguka yote usiku mmoja. Nani ananiroga?

Hakuna anayekuroga. Ukiangalia shina pale linapogusana na udongo utaona limenywea, jeusi, kama uzi uliobanwa. Ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaopenda udongo ulioloa, mbegu zilizobanana na hewa isiyopita.

Kitalu cha masika kiwe cha kubebeka. Mimi situmii kitalu cha ardhini kati ya Machi na Mei. Natumia trei, makopo ya maziwa, hata chupa za maji zilizokatwa kwa urefu, zote zimetobolewa. Udongo ni debe mbili za udongo wa juu, debe moja ya samadi iliyooza hadi haina harufu, na debe moja ya mchanga. Nausambaza na kuumwagia maji yanayochemka, nauacha upoe, ndipo nasia kwenye mistari, mbegu zikiwa na nafasi ya kuonana. Namwagilia asubuhi tu. Jioni trei inalala kavu juu yake.

Ikitokea miche michache imeanguka, iondoe pamoja na udongo wake, punguza maji, sogeza trei penye upepo na mwanga. Iliyoanguka haisimami tena, lakini unaweza kuokoa wenzake. Na mvua kubwa ikija usiku, unabeba kitalu chako unaingia nacho barazani.

Mboga gani nianze nazo?

Matembele. Sioni mboga inayovumilia masika kuliko hiyo. Omba mashina kwa jirani, kata vipande vya sentimita 30, fukia theluthi mbili, basi. Mvua ikizidi yanaishi, ikikata yanasubiri. Baada ya wiki nne hadi sita unaanza kuchuma ncha.

Mchicha unakuwa tayari ndani ya wiki tatu hadi nne, lakini mbegu yake ni ndogo mno na tone kubwa la mvua linaizika au kuisomba. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisambae sawasawa, sia kwenye mistari iliyoachana sentimita 20, kisha lazia makuti juu. Siku ya tatu anza kuchungulia. Ukiona wekundu au ukijani umetokeza, ondoa makuti jioni hiyo hiyo, usingoje kesho. Yakichelewa kuondolewa, mchicha unarefuka ukitafuta mwanga, unakuwa mwembamba na kulala.

Bamia hupandwa moja kwa moja, mbegu mbili au tatu kila shimo, unabakiza mche mmoja. Hazipendi kuhamishwa. Majani ya maboga, kunde za kuchuma majani, mnafu, nyanya chungu na bilinganya zote zinafaa. Kisamvu ni fimbo tu iliyochomekwa pembeni ya uzio.

Kabichi na karoti achana nazo kwa sasa kama uko Pwani. Zinapenda ubaridi wa Lushoto.

Na nyanya?

Hapa naomba unisikilize, kwa sababu kila anayeanza anataka nyanya.

Mwaka mmoja nilihamisha miche 36 jioni moja ya mwezi Machi, baada ya mvua mbili nzuri. Nilijiona nimewahi. Usiku ule mvua ilinyesha tangu saa nne hadi alfajiri, na nilipotoka na tochi tuta lilikuwa tope linalong'aa. Miche 20 na kitu ilinusurika. Wiki ya tatu ikaanza kunyauka mmoja baada ya mwingine, majani yakiwa bado ya kijani, na kila ulionyauka mchana nilidhani una kiu nikauongezea maji. Nilikuwa nauua. Mzee mmoja jirani, aliyewahi kulima nyanya Morogoro, akanionyesha: alikata shina karibu na ardhi, akalichovya kwenye glasi ya maji safi, akaniambia nitazame bila kuitikisa. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye shina. Ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Ng'oa mche na mizizi yake, tupa mbali, na usipande nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo hapo kwa miaka kadhaa.

Kwa hiyo, kwa masika, panda nyanya nne hadi sita tu, kwenye ndoo, chini ya ukingo wa paa ambako jua linafika na mvua haimwagiki moja kwa moja. Zifunge kwenye vijiti vilivyosimamishwa, ondoa majani ya chini yanayogusa udongo, mwagilia shina na si majani. Ukiona vijitundu kwenye matunda na majani yenye mabaka yaliyokauka katikati kama karatasi, huyo ni kantangaze, mdudu aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Chuma majani hayo mapema uyachome.

Shamba la nyanya la maana lisubiri kipupwe. Nitalirudia mwishoni.

Mvua imekata wiki mbili na miche ni midogo. Nifanyeje?

Weka matandazo leo: nyasi kavu zisizo na mbegu, majani ya mgomba, pumba za mpunga, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Unene wa vidole vinne, ila acha nafasi kuzunguka shina. Mwagilia kwa wingi mara mbili au tatu kwa wiki kuliko kunyunyiza kidogo kila siku. Maji ya juu juu yanaifundisha mizizi kukaa juu, ambako jua linaiua.

Maji ya kisima ya sehemu nyingi za Dar yana chumvi. Ukiona kingo za majani zinaungua na ukoko mweupe juu ya udongo, tafuta maji mengine. Bora zaidi, kinga maji ya mvua. Milimita moja ya mvua kwenye meta moja ya mraba ni lita moja. Bati la meta 30 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 600, na hata ukipoteza robo, pipa mbili zinajaa. Funika kwa chandarua cha zamani kilichokazwa. Dar tumeshauguza watu wa dengue, na mbu wake anazaliana kwenye maji safi yaliyotulia, pamoja na yale ya kwenye visahani vya makopo ya maua.

Mvua zimezidi na majani yamekuwa ya njano. Niweke urea?

Kwanza ng'oa mche mmoja utazame mizizi. Ikiwa myeupe na migumu, basi mvua imesomba rutuba, hasa naitrojeni, na majani ya chini ndiyo yanayoanza kugeuka njano. Hapo weka mbolea, lakini kidogo kidogo, kila baada ya wiki mbili, mvua ikiwa imetulia. Ukiimwaga yote leo, mvua ya kesho inaipeleka mtaroni. Mimi napendelea mboji au maji ya samadi yaliyochacha kwa wiki mbili na kuzimuliwa hadi rangi ya chai isiyokolea, nikimwagia udongo na si majani.

Ikiwa mizizi ni ya kahawia na inanuka, mmea unakosa hewa. Mbolea haitausaidia. Chimba mfereji, toa maji, subiri.

Samadi ya kuku mbichi usiiweke kamwe. Inaunguza mimea. Iache ioze miezi miwili au mitatu ikiwa imefunikwa isinyeshewe.

Bustani imefurika maji ya mtaro. Mboga zinalika?

Hapana. Maji ya mafuriko mjini hupitia vyooni. Mchicha, matembele na kila jani lililoguswa, tupa, hata kama linaonekana zima. Kuosha hakutoshi. Acha udongo upigwe na jua, na vitu vinavyoliwa vibichi kama nyanya na matango visubiri miezi mitatu. Inauma, najua. Kuhara kwa mtoto kunauma zaidi.

Matunda gani yanafaa uani, na yapandwe lini?

Mboga zinaweza kuvumilia ukosee tarehe. Mti wa matunda unapanda mara moja, kwa hiyo usiukimbilie.

Shimo lichimbwe kabla ya mvua, Januari au Februari, sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu weka kulia, wa chini kushoto. Rudisha wa juu kwanza, ukiwa umechanganywa na debe moja au mbili za samadi iliyooza, uache utulie. Mche uingie mvua zikishashika, mara nyingi Aprili, ili upate mizizi kabla ya jua kali la Januari.

Papai ndilo tunda la anayeanza. Linaanza kulika ndani ya mwaka mmoja, lakini likisimama kwenye maji siku mbili linaweza kufa, kwa hiyo lipande juu ya kilima cha udongo, si shimoni. Weka miche mitatu kila mahali, kwa sababu mpapai una jinsia na huijui hadi utoe maua. Dume hutoa maua madogo mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Jike lina ua kubwa limekaa karibu na shina. Wenye jinsia zote mbili hutoa mapapai marefu, na huo ndio wa kubakiza kama una nafasi ya mmoja. Mingine kata bila huruma.

Pasheni ya njano inafaa Pwani na inapanda uzio. Ile ya zambarau ni ya nyanda za juu. Ndimu, limao na embe nunua miche iliyobebeshwa, yaani kitawi cha mti mzuri kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine. Mwembe wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, wa kokwa unakuweka kwa muda mrefu zaidi. Hakikisha kovu la kubebesha linabaki juu ya udongo, na machipukizi yanayotokea chini yake yakatwe. Parachichi la Hass linalosifiwa ni la Njombe na Kilimanjaro, usilazimishe Mbagala.

Mgomba mpe mahali ambapo maji ya kuogea yanapita. Usipande mti wowote mkubwa karibu na shimo la choo au ukuta.

Mbegu nzuri nitazijuaje?

Pakiti iliyofungwa, yenye tarehe na lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu. Kisha zijaribu: weka mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi. Zikiota chini ya sita, panda nyingi zaidi au rudisha. Mbegu za chotara usizihifadhi kwa msimu ujao, hazitazaa kama mama yao.

Wadudu bila sumu kali?

Chungulia chini ya majani kila asubuhi, ndiyo dawa ya kwanza. Vidukari vinaondoka kwa maji ya sabuni ya mche. Majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku mzima yanasaidia kwa viwavi, ila mvua inayaosha, kwa hiyo rudia. Sota anayekata miche usiku yuko chini kidogo ya udongo, pembeni ya mche uliokatwa. Fukua kwa kidole utamkuta amejikunja. Konokono waokote kwa tochi.

Kuku wa jirani ni suala la uzio na la mazungumzo. Anza na mazungumzo, na fungu la mchicha mkononi.

Niko Ulaya. Majira ya kuchipua ya huku yanafananaje na haya?

Hofu yenu ni baridi ya usiku inayogandisha, si mafuriko. Ujerumani, kwa mfano, wenye bustani husubiri zipite tarehe 11 hadi 15 Mei kabla ya kutoa nyanya nje. Mchicha unataka udongo wa joto, kwa hiyo anzia dirishani, kisha utoe miche nje saa chache kila siku kwa wiki moja ili izoee. Kanuni ya theluthi inawafaa nanyi pia.

Ni Mei tayari na sijapanda kitu. Nimechelewa?

Kwa bamia umechelewa kidogo, kwa nyanya umewahi. Sia kitalu cha nyanya sasa, kwenye trei. Itachukua wiki tatu hadi nne, na itakuwa na majani manne au matano mvua zinapokwisha na kipupwe kinaingia. Juni hadi Agosti hewa ni ya ubaridi, majani yanakauka asubuhi, magonjwa yanapungua, na udongo bado una unyevu wa masika chini. Hamisha jioni, mwagilia, weka matandazo, tegesha makuti kwa kivuli siku nne za kwanza. Sukuma wiki, chainizi na spinachi nazo zifuate hapo hapo. Na zile mbegu za theluthi ya mwisho, kama ulizihifadhi kwenye kopo, sasa ndio wakati wake.